Waya gani wa RCA ununue kuondoa mluzi kwenye muziki wa gari

Washa injini, weka taarabu, punguza sauti mpaka fidla isikike kwa mbali, kisha kanyaga mafuta taratibu. Ukisikia mluzi mwembamba unaopanda injini ikipanda na kushuka ukiachia, huo umetoka kwenye altaneta. Ndio ugonjwa unaowapeleka watu wengi dukani kutafuta waya mpya wa RCA, ule unaopeleka muziki kutoka redio hadi amplifaya, na wengi hurudi na waya wa bei kubwa na mluzi uleule. Nimefunga muziki kwenye magari yangu na ya ndugu zangu kwa miaka mingi, na huwa inaniuma kuona mtu ametoa hela ambayo ingemtosha spika mbili za milangoni, akapewa waya mmoja wenye boksi zuri.

Kwanza jua kelele inapoingilia. Altaneta huzalisha umeme wa AC, unapita kwenye daiodi ndipo uchaji betri, kwenye volti 14 hivi. Daiodi haziulainishi kikamilifu, hubaki na mawimbi madogo. Mawimbi hayo huingia kwenye muziki kwa njia mbili. Moja ni sumaku: waya wa RCA umelazwa ubavuni mwa waya mnene wa betri. Nyingine ni ethi, yaani pale waya hasi unapofungwa kwenye chuma cha gari: redio imepiga ethi kwenye dashibodi, amplifaya imepiga kwenye buti, na umeme mdogo unapita kati yao kwa kutumia ganda, yaani chuma cha nje kinachozunguka uzi wa ndani, la waya wako wa RCA. Waya mzuri hutibu sana ile ya kwanza. Ile ya pili huigusa kidogo tu.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa waya uliosokotwa. Ndani yake, kila upande una nyuzi mbili zilizozungushana kama kamba. Kila msokoto unabadilisha nafasi za nyuzi hizo, kwa hiyo kelele ya sumaku iliyoingia kwenye msokoto mmoja inafutwa na ile ya msokoto unaofuata. Kazi hiyo inafanywa na umbo lenyewe, haihitaji ganda la kifahari wala rangi. Tafuta wa shaba safi, kwenye boksi huandikwa OFC, na bei yake kwa kawaida ni ya kati. Amplifaya ikiwa kwenye buti, mita 5 hutosha magari mengi madogo. Ikiwa chini ya kiti cha mbele, chukua mita 2 au 3. Usinunue mrefu kupita kiasi halafu uukunje mafundo chini ya kapeti.

Nafasi ya pili ni waya wa ganda, uliojengwa kama waya wa antena ya TV: uzi mmoja katikati, umezungukwa na wavu. Hapa wavu ndio kila kitu. Ukiwa wa shaba, umefumwa na kubana, waya huu ni mzuri na unaweza kuutumia bila wasiwasi. Ukikuta karatasi ya alumini peke yake, uache. Karatasi hiyo inazuia ule mkwaruzo wa simu inayotaka kuita, lakini sumaku ya waya wa betri inapita. Tena ganda ndiyo njia ya muziki kurudi kwenye redio, kwa hiyo likiwa hafifu, kelele ya ethi inachanganyika moja kwa moja na muziki.

Mwisho kabisa ni waya zinazokuja ndani ya seti ya kufungia amplifaya. Niliwahi kupasua mmoja kwa wembe. Plastiki nene kama penseli, ndani yake vinyuzi vichache vyembamba kama unywele. Nilipovikwangua, wekundu ulitoka ukabaki weupe: alumini iliyopakwa shaba, ile ya CCA. Kwa safari fupi ya chini ya kiti itafanya kazi. Kwa kupita gari zima hadi buti, hapana.

Vichwa vya dhahabu? Dhahabu haipunguzi kelele hata chembe. Faida yake ni kwamba haishiki kutu, na kwa sisi wa Dar, Tanga na Mombasa, ambako hewa ya chumvi inakula kila chuma, hiyo ni faida ya kweli. Lakini kichwa kinachobana vizuri kina thamani kuliko kinachong'aa. Ukiwa Kariakoo, Dar, au mtaa wa Luthuli, Nairobi, mwombe muuzaji akuruhusu kukichomeka kwenye amplifaya yoyote iliyopo hapo. Kikicheza, rudisha.

Hela utakayookoa ipeleke kwenye ethi. Nunua waya wa ethi mnene sawasawa na ule wa betri, usizidi nusu mita, kwangua rangi ya bodi kwa msasa mpaka chuma kionekane cheupe, ufunge kwa bolti. RCA ipite upande mmoja wa gari, waya wa betri upande mwingine. Vikilazimika kukutana, vikatane kama msalaba. Kisha shusha geini ya amplifaya, kile kitufe kinachopanga inakuza muziki kiasi gani. Redio ambayo tundu zake za RCA hutoa volti 4 hukuruhusu kuishusha zaidi kuliko ya volti 2, na kelele inashuka nayo.

Wanaotumia AUX huku simu ikichaji ndani ya gari, shida yenu mara nyingi ni ethi ya chaja. Chomoa chaja, mluzi ukikatika, kile kiboksi kidogo chenye transfoma ndani, kinachochomekwa katikati ya waya wa AUX, kitawasaidia. Cha bei ya chini hula besi, ndiyo maana sikiweki kwenye mfumo wenye sabufa.

Na kabla hujanunua chochote, jaribu hili. Siku moja nilichomeka RCA redio ikiwa imewashwa, na tangu siku hiyo mluzi haukuisha. Nilibadilisha waya mara mbili bure. Baadhi ya redio zina fyuzi ndogo sana kwenye ethi ya RCA, na ile yangu ilikuwa imeungua. Chukua kipande cha waya kilichomenywa, kizungushe kwenye pete ya nje ya RCA nyuma ya redio, ncha nyingine iguse bodi ya chuma ya redio. Mluzi ukinyamaza hapohapo, waya wako ni mzima. Peleka redio kwa fundi, au kiache kipande hicho kimefungwa palepale, kama nilivyofanya mimi.