Picha ya taya la binti yangu: meno hayajakutana, pembe zimepimwa!

Naandika hasira hazijapoa, na sioni sababu ya kungoja zipoe. Kituo chenyewe ni cha eksirei, kiko Kampala upande wa Wandegeya. Mashine yao ni nzuri, hilo siwanyimi. Picha zinatoka safi na foleni si ndefu. Ila kuna kijana mmoja pale, na kwa sababu yake sitamshauri mzazi yeyote apeleke mtoto.

Binti yangu anaandaliwa kufungwa waya za meno. Daktari wake aliandika ipigwe picha ya kichwa kwa ubavu, ile ya kupimia pembe za taya, akatuambia wazi: aume meno ya nyuma, midomo ailegeze. Tukatoka Bombo mapema, tukakwama Kawempe, tukakwama tena Bwaise, tukafika na kulipa. Kijana akamsimamisha mtoto, akamwekea vile vijiti vya masikioni, akamwambia asitikisike, basi. Mimi nilikuwa mlangoni. Vijiti vilikuwa vinambana, mdomo umeachama kidogo, namwona hata ulimi. Nikasema kwa upole, "Samahani mwanangu, daktari alisema ang'ate meno."

Hakunigeukia hata kidogo. "Nyabo, pembe zinapimwa na kompyuta. Wewe subiri nje."

Mtu wa umri wa kunizalia wajukuu! Maneno hayo bado ninayasikia.

Karatasi ikatoka na mistari ya rangi na hesabu za pembe kwa nyuzi: SNA (ya taya la juu) 84, SNB (ya taya la chini) 77, ANB (tofauti yao) 7, hiyo ya mwisho imewekewa nyekundu. Imepigwa chapa vizuri, nani angebisha?

Daktari alibisha. Hakusoma hesabu kwanza, alitazama magego kwenye picha, akaniita, "Mama, sogea uone." Kati ya magego ya juu na ya chini palikuwa na upenyo mweusi. Akatandika karatasi angavu juu ya picha, akachukua penseli na kipimapembe, akaweka nukta mbele yangu. S ni katikati ya kishimo cha mfupa kinachobeba tezi ya pituitari, N ni pale mfupa wa paji unapokutana na wa pua, A ni mbele ya taya la juu, B mbele ya taya la chini. Taya la juu limeshikamana na fuvu, kwa hiyo SNA haiguswi mdomo ukifunguka. La chini linazunguka kwenye kiungo chake mbele ya sikio: mdomo ukiachama, B inashuka na kurudi nyuma, SNB inapungua, na ANB, ambayo ni tofauti ya hizo mbili, inapanda. Kompyuta ilipima sawasawa, ila ilipewa taya ambalo halikukaa mahali pake. Kwa karatasi ile mtoto wangu alionekana ana taya lililorudi nyuma, na mtu mwenye haraka angeweza kumng'oa magego madogo mawili ya juu. Meno mazima kabisa!

Na ile nyekundu? Viwango vya kawaida vya SNA 82, SNB 80 na ANB 2 vilienezwa na Cecil Steiner wa Marekani mwaka 1953, na vimetokana na nyuso za Wazungu. Taya za Waafrika wengi hukaa mbele zaidi kwa maumbile. Daktari anayejua hilo hashtuki kwa rangi ya kompyuta. Huyu wetu anajua, Mungu amzidishie.

Tukarudi pale pale, maana ndiko alikotutuma. Safari hii tulimkuta dada mwingine. Akamvua mtoto hereni na pini za nywele, akamwambia atazame mbele, ameze mate, aume magego taratibu, midomo ailegeze. Akachungulia mwenyewe kabla ya kubonyeza. SNA ile ile 84, SNB 80, ANB 4. Taya la mtoto yule yule! Dada yule ni fundi, na nilitoka chumbani nikitaka kuwasamehe wote. Nilikuwa nimeshaanza kuwaambia majirani kwamba kituo si kibaya, ni bahati ya nani yuko zamu.

Lakini hapana. Mapokezi walinidai nilipe upya kama mgeni. Nikawaonyesha barua ya daktari, wakasema picha ya kwanza "ilitoka." Kijana yuko pale pale amekaa, amenitazama, hata pole hakutamka. Mionzi ya picha hiyo ni kidogo, najua, ila mwanangu ameipata mara ya pili bila sababu yoyote isipokuwa mtu kukataa kusema "uma meno."

Kwa hiyo msiende. Na kama daktari wenu hana pengine pa kuwatuma, ulizeni kwanza kama dada yule yuko zamu, akiwa hayupo rudini nyumbani. Pesa yangu ya picha ya kwanza bado wanayo, na nitaifuata.