Kiti cha ofisi cha neti: mapaja na kiuno safi, mikono wamezingua

Kwa sisi tunaoandika mda mrefu kwenye kompyuta hiki kiti nakikubali, na sababu kubwa sio mgongo kama wengi wanavyodhani, ni huku chini kwenye mapaja. Viti vingi ukikaa mpaka nyuma kabisa ule ukingo wa mbele unakuminya nyuma ya magoti, mguu unaanza kufa ganzi, unasogea mbele kidogo, mgongo unaachana na egemeo, unajikunja, shingo inatangulia kwenye skrini na ile sentensi uliyokuwa nayo kichwani ishapotea. Na ubaya wake hujui kama ni kiti, unadhani umeishiwa cha kuandika. Hii inaniuma kwakweli, mtu anajiona mvivu kumbe mwili ndo unalalamika.

Hapa kuna kidude pembeni, ukikivuta sehemu ya kukalia inateleza mbele na nyuma. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo na nyuma ya goti, nyayo zikanyage chini vizuri, basi. Ukingo wenyewe umeinamia chini kwa mbele kwahiyo hauchomi. Egemeo la kiuno linapanda na kushuka, liweke pale mgongo unapoingia ndani, usilipeleke mbavuni. Neti inapitisha hewa, hakuna jasho.

Sasa mikono ya kiti jamani. Haishuki vya kutosha, ukiilalia mabega yanapanda juu, wakati kwenye kuandika unataka mabega yalegee na viwiko vikae kama nyuzi 90 hivi. Halafu inagonga meza, so unakaa mbali na kibodi unanyoosha mikono muda wote mpaka viganja vinauma. Mi nimefungua skrubu nikaitoa yote na naandika vizuri zaidi bila hiyo mikono.

Ila kiti peke yake hakitoshi kama laptop iko juu ya meza tu, shingo itainama hata ukae kwenye kiti cha mfalme. Inua skrini, juu yake ifike usawa wa macho, utumie kibodi nyingine, sio ile ya kwenye laptop. Na uinuke inuke, misuli inachoka kukaa mkao mmoja hata mkao wenyewe uwe mzuri vipi.

Wafupi mjue kwamba hata ukikishusha mpaka mwisho bado kiko juu, tafuteni kitu cha kukanyagia kabla hamjaanza kurekebisha hayo mengine.