Sakafu ya msonobari ya zamani: uipake nini?

Bonyeza ubao wa msonobari kwa ukucha, alama inabaki. Likumbuke hilo ukiwa dukani, maana makopo mengi husifiwa kwa ugumu wa utando wake. Utando mgumu hauzuii mbao laini kubonyea. Mguu wa kiti ukididimia, utando hupasuka, maji hupenya kwenye ufa na ubao huanza kuwa mweusi pale. Kwa hiyo napanga vipakwa hivi kwa urahisi wa kurekebisha, ugumu baadaye.

Ya kwanza ni mafuta ya nta ngumu. Yanaingia ndani ya mbao, na pakikwaruzika unapiga msasa pale pale, unapaka kidogo kwa kitambaa, basi. Bei ya kopo itakushtua, lakini soma maelezo yake: mengi hufunika zaidi ya mita 20 za mraba kwa lita, mkono mmoja (yaani ukipaka mara moja), na mikono miwili inatosha. Vanishi hufika kama 10, nayo hutaka mikono mitatu. Ila maji yakimwagika yafute mapema, na njia wanamopita watu ipakwe tena kila baada ya miaka michache.

Ya pili, vanishi ya poliuretani ya maji. Harufu yake ni ndogo, unaweza kupaka mkono mwingine baada ya saa chache, na haigeuzi mbao kuwa za manjano. Inawafaa wasio na muda wa matunzo. Lakini ikichakaa mpaka kwenye mbao, ni kupiga msasa chumba kizima, na mbao kuukuu hazina unene wa kuchezea.

Vanishi ya poliuretani ya mafuta naiweka ya tatu. Inadumu, ila unasubiri karibu siku nzima kati ya mkono na mkono, na manjano yake huongezeka juu ya msonobari ambao tayari hukolea rangi kwa mwanga.

Shelaki, vanishi ya asili itokanayo na utomvu wa wadudu, usiipake sakafu nzima. Maji huiachia madoa meupe. Lakini kama umechagua vanishi, nunua kopo dogo la shelaki isiyo na nta upake kwenye vifundo vya mbao (palipoota matawi), izuie utomvu. Chini ya mafuta ya nta usiiweke, itayazuia kuingia.

Mwisho kabisa, mafuta mabichi ya kitani: hukawia kukauka na hunasa vumbi.

Kitambaa chenye mafuta ya kitani au ya nta usikikunje na kukitupa pipani, kinaweza kujipasha moto na kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Ukikodi mashine ya msasa, chukua ya diski. Ile ya ngoma, yenye msasa uliozungushiwa silinda, ikisimama kidogo tu inachimba shimo. Nunua msasa wa ziada, utomvu huuziba haraka. Na kama sakafu ina rangi ya zamani, pima kwanza kama ina madini ya risasi, kabla hujawasha mashine.