Mafia kwa hela ya kawaida: uzoefu wangu wa kivuko, gesti na papa potwe

Kama uko Dar na umezoea kusikia kisiwa cha Mafia ni cha watalii wa ndege ndogo na hoteli za dola, nenda Mbagala Rangi Tatu asubuhi uone gari za Nyamisati, bandari ya kuvukia kwenda Mafia, zinavyojaa. Watu wanapanda na magunia, magodoro, madumu, na wewe unaingia humo humo. Mi nimepita njia hiyo na ntapita tena. Mnafuata barabara ya Kilwa mpaka Bungu, hapo mnakunja kushoto kuelekea baharini, na mwisho wa safari ni gati, mikoko na mama ntilie.

Muda wa kuondoka unafuata maji kujaa na kupwa, kwa hiyo saa uliyoambiwa na mtu aliyeenda wiki iliyopita haikusaidii, piga simu siku moja kabla uulize. Kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na kuna boti za watu binafsi. Nakushauri kivuko. Ni kikubwa, kimetulia, majaketi ya kuokolea unayaona kwa macho yako. Kurudi nilipanda boti moja ya binafsi, mizigo ilipangwa mpaka mlangoni na hakuna aliyetuambia majaketi yako wapi, na mle mlikuwa na watoto wadogo, jambo lile liliniudhi sana na mpaka leo linaniudhi. Mkiwa bado kwenye delta ya Rufiji maji yametulia kabisa, mkitoka nje ndo mawimbi yanaanza, hasa kipindi cha upepo wa kusi, so kama unatapika kirahisi kunywa dawa mapema.

Kilindoni, mji mkuu wa Mafia unaposhukia, nililala gesti ya elfu thelathini, feni ipo, neti ipo, maji ya kuoga ya ndoo, safi. Chakula ni raha tupu aisee. Supu ya pweza na chapati asubuhi, jioni samaki wa kukaanga sokoni, wali wa nazi (kisiwa chenyewe ni minazi kila upande unaoangalia). Sijaona sababu ya kula hotelini hata mara moja.

Kwenda Utende, kijiji cha ufukweni kwenye Chole Bay, ni lami, daladala zipo au bodaboda ukiwa na haraka. Kabla hujafika unakuta geti la Hifadhi ya Bahari, ilianzishwa 1995 na ndo ya kwanza nchini, hapo unalipia kiingilio. Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, ila beba kitambulisho chako cha taifa. Na usilalamike kulipa, matumbawe ya Chole Bay yapo hai vile kwa sababu kuna watu wanayalinda, zamani uvuvi wa mabomu ya baruti uliharibu sana bahari yetu hii.

Utende kuvuka kwenda kisiwa cha Chole kuna boti ya wananchi, nauli ni ya kwenye mfuko wa shati. Usikubali kukodi boti nzima kwa mtu anayekudaka ufukweni, kaa hapo na wanakijiji msubiri ijae, haichukui muda. Chole hakuna magari, ni njia za mchanga chini ya miembe, magofu ya Wajerumani yamekumbatiwa na mizizi, na juu ya miti wananing'inia popo wakubwa, wale wanaokula matunda, mamia kwa mamia, mchana kweupe. Kisiwa cha jirani, Juani, kuna magofu ya Kua, mji wa Waswahili uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagascar mwanzoni mwa karne ya 19. Chukua kijana wa pale pale akutembeze, kuta za misikiti bado zimesimama na yeye anajua ipi ni ipi, yani pesa unayompa inabaki kijijini, hiyo kwangu ni muhimu kuliko kupunguziwa bei.

Sehemu pekee ambayo nakwambia usibane hela ni papa potwe. Ndo samaki mkubwa kuliko wote duniani na anakula vitu vidogo vidogo vinavyoelea kwenye maji, hana habari na wewe. Msimu ni kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, na wanakuja karibu kabisa na Kilindoni. Tafuta wenzako gestini mchangie boti, bei inashuka sana, na kabla hamjalipa muulize nahodha anafanyaje akimuona papa. Akisema atawapeleka mpaka mumshike, achana naye. Aliyetupeleka sisi alizima injini mbali, akatuingiza majini wachache wachache pembeni ya njia ya papa, hakuna kumgusa, hakuna kumkata mbele. Papa alipita karibu yangu taratibu na yale madoa yake meupe mgongoni, nikasahau hata kupumua kwenye mpira.

Pesa toa Kilindoni kabisa, kule visiwani usitegemee benki. Na kama likizo yako inaangukia kwenye kusi papa utamkosa, ila miezi ya Juni mpaka Septemba Juani kuna kasa wanaanguliwa, ulizia Utende watakwambia kiota kipi kiko karibu kuanguliwa, na maji yanakupwa saa ngapi.