Shule ya kati ya mtaa wetu hapa Columbus: nyota 1, na kile kilicho chini ya nyota

Tulipofika Ohio, Marekani, hata mizigo hatujafungua, ndugu mmoja aliyetutangulia alinipigia simu. "Usimpeleke binti pale. Shule ile ina nyota moja." Nilimpeleka, kwa sababu ndiyo shule ya mtaa wetu na sikuwa na gari. Sasa yuko darasa la 8. Kila Jumapili baada ya ibada kuna mzazi mgeni ananiuliza pale pakoje, kwa hiyo naandika mara moja kwa wote.

Nianze na nyota. Jimbo la Ohio hutoa kadi ya ripoti ya kila shule ya umma mwezi wa 9, na tangu 2022 linatumia nyota, 1 hadi 5. Ile aliyoiona ndugu yangu ilikuwa ya ufaulu, yaani watoto wamefikia wapi kwenye mitihani ya jimbo. Shuka chini kidogo utakuta mstari wa maendeleo. Huko shule yetu ilikuwa na 4. Mstari huo unatazama mtoto alikuwa wapi na amesogea kiasi gani, na nyota 3 ni kusogea kama ilivyotarajiwa. Yaani walimu hawa wanawapokea watoto walio nyuma sana na kuwavuta kuliko inavyotegemewa, ila bado hawajawafikisha. Ndugu yangu hakuushuka ule ukurasa.

Binti yangu alitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ambako shule zetu zilifuata mtaala wa Kongo na vitabu vilikuwa vya Kifaransa. Hapa walimweka darasa la 6 kwa umri wake. Kiingereza chake kilikuwa salamu tu. Matokeo ya mtoto kama huyo yakianza kuhesabiwa, alama ya ufaulu ya shule hushuka, hata kama mwalimu amekesha naye.

Halafu kwenye kadi hiyo kuna jedwali la wanafunzi ni akina nani. Sheria ya shirikisho ya 2015 inalazimisha matokeo yachapishwe kwa makundi: rangi, umaskini, ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Ni sheria nzuri, maana zamani shule iliweza kuwaficha watoto wetu ndani ya wastani. Lakini msitegemee jedwali hilo liwaambie nani atakaa na mwanenu mezani. Neno "Weusi" pale limewabeba Wamarekani weusi wa vizazi na vizazi, Wasomali ambao Columbus ni moja ya miji yao mikubwa nchi hii, na sisi Wakongomani. Wabhutani wanaozungumza Kinepali wako kwenye "Waasia". Kundi likiwa dogo mno, namba hazionyeshwi kabisa. Mimi nilisimama mlangoni saa ya kutoka, siku tatu, kabla ya kwenda zamu yangu ya usiku ghalani. Nilisikia Kisomali, Kihispania, na mara mbili nikasikia mtoto anamwita mwenzake "weye!" kama tuko Fizi, kwetu Kongo. Hapo moyo wangu ukatulia.

Darasani? Mwalimu wake wa Kiingereza cha wageni nampa alama zote. Kila mwaka mwezi wa 2 au wa 3 hawa watoto wana mtihani wao wa Kiingereza, na kila stadi inapewa 1 hadi 5. Mwaka wa kwanza binti alipata 1 kote. Mwaka jana kusikiliza 4, kuongea 3, kusoma 2, kuandika 2. Mimi niliyezoea buletini ya asilimia, yaani ripoti ya shule ya Kongo, kwamba ukipata 50 umepita, nilikasirika. Mwalimu akanikalisha, akafungua daftari la mwaka wa kwanza na la mwaka wa pili, akayaweka pamoja. La kwanza lilikuwa maneno matano. La pili, ukurasa mzima juu ya bibi yake na mihogo. Sikuwa na swali tena.

Hesabu anaiweza, ila maswali ya maelezo yanamnyima usingizi. Ulizeni kuhusu muda wa ziada na kamusi ya neno kwa neno wakati wa mitihani ya jimbo. Wanaojifunza Kiingereza wanaruhusiwa, na sisi tulijua hilo tumechelewa mwaka mzima.

Sasa jambo lililoniumiza. Kikao cha kwanza cha wazazi, ofisi ya shule ilimtumia binti yangu kama mkalimani. Mtoto wa miaka 11 anamtafsiria baba yake kwamba yeye mwenyewe amepata alama mbaya, na mimi namwona anatafuta maneno huku machozi yanamlenga. Hilo halikupaswa kutokea. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inaitaka shule izungumze na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani analipwa na wao. Nililalamika. Tangu hapo wanapiga simu ya mkalimani, Mkenya mara nyingi, na tunaelewana ingawa kazi za shule za kufanyia nyumbani yeye anaziita "kazi ya ziada" na sisi tunasema "devuare". Kwa lile la kwanza, nyota moja nawakatia.

Basi la njano huchelewa theluji ikianguka, mvalisheni mtoto vizuri. Chai ya asubuhi na chakula cha mchana ni bure kwa wote, hakuna kadi ya kumwaibisha mtoto.

Kwa hiyo kutoka kwangu ni nyota 4 kati ya 5. Kikao cha walimu na wazazi kinakuja mwezi wa 11. Pigeni simu ofisini wiki moja kabla, semeni "Swahili interpreter", na waambieni waandike jina la mtoto wakiwa bado kwenye simu.