Sinki la pinki kutoka Gerezani: miezi minane baadaye

Flati tunayopanga Upanga ilijengwa kabla nyumba za kupangisha hazijataifishwa mwaka 1971, na bafu lake halijaguswa tangu hapo. Choo cha pinki, sinki la pinki, na mstari wa vigae vyeusi umezunguka ukuta kama mkanda. Mwaka jana mwanangu aliangusha kinu cha shaba ndani ya sinki (msiniulize kinu kilifuata nini bafuni) likapasuka vipande viwili. Fundi bomba akaniambia, "Dada, ng'oa vyote, tuweke vyeupe uishi kwa amani." Nikakataa. Vyeupe nimevichoka, viko kila hoteli na kila zahanati.

Maduka ya Kariakoo yana vyeupe, krimu, na siku hizi vyeusi visivyong'aa. Pinki wanakucheka. Ndipo nikaenda Gerezani kwa mzee anayeuza vitu vilivyong'olewa kwenye nyumba zinazobomolewa. Nilibeba mfuniko wa tenki la choo kwenye kikapu ili nilinganishe rangi. Baada ya shikamoo, mzee alitoa sarafu mfukoni akaanza kugonga masinki moja moja, kama mama anavyochagua chungu sokoni. Lililo zima linalia kama kengele. Lenye ufa linajibu "ko," basi, hata kama ufa wenyewe huuoni. Alikuwa na mawili ya pinki, moja la samawati, na moja la kijani cha parachichi, rangi ambayo Waingereza waliililia miaka ya 1970 kisha wakaja kuicheka.

Nilichukua la pinki kwa shilingi 85,000 baada ya kuvutana kutoka 120,000. Chini lina muhuri wa Armitage Shanks, jina lililozaliwa mwaka 1969 kampuni mbili za Uingereza zilipoungana, kwa hiyo kiumri huenda ni mdogo wake choo changu. Angalieni sana kitu kimoja: rangi halisi imo kwenye glezi, ule utandu wa juu unaong'aa, imechomwa tanuruni pamoja na udongo wake, haitoki. Muuzaji wa jirani na mzee alikuwa na sinki zuri mno la pinki, nikakwaruza kwa ufunguo chini ya ukingo, rangi ikabanduka kama ya kucha. Limepuliziwa rangi!

Sasa makosa yangu. Masinki ya zamani yana matundu mawili ya koki, ya moto na ya baridi. Mimi nilikuwa nimeshanunua koki moja ya kuchanganya. Tundu la pili nimeliziba kwa kifuniko cha plastiki cheupe, na kinanikera kila asubuhi ninapopiga mswaki. Pia, kwenye kivuli cha banda rangi zilifanana kabisa. Nyumbani, chini ya taa, sinki lina uchungwa kidogo. Mume wangu hajaona mpaka leo. Mimi naona.

Usafi ni shughuli. Tukitumia maji ya kisima, chumvi yake huacha michirizi myeupe ambayo kwenye sinki jeupe usingeiona. Napaka ndimu, nasubiri robo saa, nasugua kwa kitambaa. Steelwire marufuku, inaua mng'ao na haurudi.

Kwa sinki nampa mzee tano juu ya tano. Choo cha zamani nisingenunua kwake wala kwa yeyote: tenki langu linakunywa lita tisa kila ukiflashi, na maji yakikatika tunanunua kwa boza. Nimetumbukiza humo chupa ya lita moja na nusu iliyojaa mchanga, angalau. Ukinunua choo kama hicho, pima kwanza kama kinatolea nyuma ukutani au chini sakafuni, la sivyo fundi atakuvunjia sakafu.

Nimemwachia mzee namba yangu. Natafuta kisahani cha sabuni cha kujengea ukutani, pinki, chenye kishikio.