Redi oksaidi au zinki fosfeti? Praima ya mlango wa chuma kwa sisi wa pwani

Haya jamani, karibuni. Mlango huu nyuma yangu ni wa chuma, upande wa uani, hapa Kigamboni, na upepo wa bahari unaupiga moja kwa moja. Leo sichambui rangi ya juu. Hiyo chagua uipendayo, ing'ae, basi. Nachambua praima, ile rangi ya kwanza inayokaa juu ya chuma chenyewe, kwa sababu kutu ya huku pwani hutambaa chini ya rangi, wala huioni mpaka rangi imevimba.

Nusu ya kushoto nimepiga redi oksaidi ya kawaida, ile nyekundu ya kila duka la vifaa vya ujenzi. Kulia nimepiga praima ya kijivu yenye zinki fosfeti. Juu yake rangi ya mafuta ileile, kopo moja. Masika imepita. Sasa tazama hapa chini, nilikwangua kwa msumari makusudi, pande zote mbili. Kushoto kutu imeingia chini ya rangi, naigusa kwa ukucha inabanduka. Kulia imebaki kwenye mkwaruzo wenyewe.

Ule wekundu wa redi oksaidi ni oksidi ya chuma, yaani kikemia ni ndugu wa kutu yenyewe! Kazi yake ni kuziba tu, maji na hewa visipite. Ikichubuka, kinga imekwisha. Zinki fosfeti inaziba, halafu inapunguza kasi ya kutu pale chuma kilipobaki wazi.

Ni ghali zaidi, sikatai. Lakini tupige hesabu. Mlango wa mita 2 kwa sentimita 90 ni mita za mraba 1.8, pande mbili 3.6. Lita moja ya praima hufunika kama mita za mraba 8 hadi 10, kwa hiyo inatosha mikono miwili, yaani kupaka mara mbili. Fundi akikuambia ununue kopo la lita 4, muulize na mlango wa nani mwingine anapaka. Kwa mlango wa ndani, au kama uko Dodoma au Tabora, redi oksaidi inatosha kabisa, usinifuate.

Sasa maandalizi, na hapa ndipo wengi wanaruka. Osha mlango kwa sabuni na maji ya bomba. Maji ya kisima yenye chumvi, hapana! Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, mwisho unaona malengelenge. Ukikauka, brashi ya waya kwenye kutu, msasa namba 80, kisha 120 kulainisha kingo za rangi ya zamani. Futa vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, iache ikauke, upige praima siku hiyohiyo. Ukilaza chuma kitupu usiku mmoja huku kwetu, asubuhi kimeshaanza wekundu.

Mlango ni wa zamani sana? Rangi yake inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa, watoto wakae mbali.

Na kama chuma chako ni cha galvanaizi, yaani kilichopakwa zinki juu, hizi zote mbili ziache. Mafuta ya rangi hugombana na ile zinki ya juu, halafu rangi inabanduka vipande vipande. Kina praima yake, uliza dukani.

Kuzimulia: tapentaini, kidogo. Petroli ni moto unaoutafuta mwenyewe, na mafuta ya taa yatachelewesha rangi kukauka. Ile thina kali ya rangi za magari nayo inaweza kukunja mkono wa chini.

Mkiwa dukani, mwambieni muuzaji afungue kopo. Ingiza kijiti mpaka chini. Kikikuta tope linalokorogeka, sawa. Kikigonga kitu kigumu kama udongo uliokauka, rudisha, hata kama amekupunguzia bei.